Sekunde Tisini za Kusita

Vifaru sitini na viwili viliondoka bondeni saa mbili asubuhi, na ilikuwa imepangwa visiwe na mtu hata mmoja ndani. Ndivyo vita ilivyopiganwa mwaka ule. Mashine zilikwenda zenyewe, watu wakabaki kilimani nyuma ya mifuko ya mchanga, wakizitazama kwenye skrini. Lakini ndani ya kifaru namba kumi na saba alikuwamo fundi mmoja wa makamo, jina lake Hizza, aliyekuwa amejipenyeza chini kukaza bomba la mafuta. Spana ilikuwa bado mkononi mwake mfuniko ulipojifunga juu yake na kifaru kikaondoka.

Mhandisi Skolastika Ngwembe alikuwa kilimani, amesimama nyuma ya Brigedia Gwao. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Miaka ishirini nyuma, kabla Jimbo la Kusini halijajitenga na Shirikisho, yeye ndiye aliyeongoza kazi ya kuubuni Mstari ule waliokuwa wakiushambulia: mahandaki matatu moja nyuma ya jingine, meno ya zege, mabomu yaliyofukiwa, na mizinga iliyojificha ardhini, vyote vikiongozwa na akili moja isiyolala. Ulijengwa uwalinde watu wa kusini. Jimbo lilipojitenga liliondoka nao. Sasa Mstari uliuzunguka mji wa Lusenye pande zote, na ndani yake walikuwamo raia elfu arobaini, pamoja na jeshi la Jimbo lililokataa kuwaachia watoke.

Safu ya kwanza iliteketea kabla ya kufika kwenye handaki la kwanza. Safu ya pili ilifika, ikateketea humo humo. Skola aliangalia bila kupepesa. Alikuwa ameyaona haya mara mbili kabla ya siku hiyo, na kila mara Mstari ulikuwa umejifunza kitu kutoka mara iliyotangulia, ukaua haraka zaidi.

Kisha namba kumi na saba ikaingia kati ya meno ya zege, na Mstari mzima ukanyamaza.

Mizinga ilisimama ilivyo. Moshi ukapanda wenyewe. Watu wa kilimani walitazamana, kwa maana hawakuwahi kusikia kimya upande ule. Kikasikika kipaza sauti huko mbali, sauti ya mwanamume asiye na haraka, ikimuuliza mtu aliye ndani ya gari yeye ni nani na kumwambia arudi alikotoka. Mfuniko wa namba kumi na saba ukafunguliwa kwa kupigwa na spana, Hizza akatoka, akakimbia kurudi bondeni huku akianguka na kuinuka. Alipokuwa amefika mbali kidogo, mizinga ikaanza tena. Saa tatu kasoro hakukuwa na kifaru kilichobaki.

Brigedia Gwao hakuwa mtu wa kupayuka. Alirudisha picha nyuma, akazipima kwa saa yake ya mkononi, kisha akageuka.

"Sekunde tisini, Mama Mhandisi. Kwa nini Mstari ulinyamaza?"

Skola alimjibu kwamba hajui, kwamba ataangalia. Ulikuwa uongo, na nadhani Brigedia aliujua, ila alikuwa na adabu ya kumwachia mama mtu mzima muda wa kuufuta mwenyewe.

*

Wakati Mstari ulipokuwa ukijaribiwa kwa mara ya kwanza, mwanamke mmoja aliyekuwa ameokota kuni alikatiza uwanja wa majaribio. Hakuna aliyemwona ila Mstari. Skola ndiye aliyekwenda kumfunika. Jina la mwanamke yule halikuandikwa kwenye ripoti yoyote, na wakubwa walisema kazi iendelee. Basi Skola alirudi ofisini, akakaa majuma mawili, akapandikiza chini kabisa ya akili ya Mstari kitu ambacho hakumwonyesha mtu. Mstari ukisikia pumzi au sauti ya binadamu mbele yake, ulitakiwa uzime mabomu, ushushe mizinga, umuulize, na umpe sekunde tisini. Mara moja tu, kila mtu au kundi linapokuja. Baada ya hapo ungefanya kazi yake.

Yeye mwenyewe alikiita kusita. Jimbo halikukigundua, kwa sababu vita ilikuwa ya mashine, na mashine hazipumui.

Waliokigundua walikuwa watu wa Chumvini. Huko, kilomita mia nne mashariki, Jimbo lilikuwa limejenga mstari mwingine kwa mfano ule ule, ukikatiza uwanda mkavu wa chumvi, ili wananchi wake wasikimbilie Shirikisho, likauacha ujilinde bila askari. Mstari wa Chumvini ulikuwa mwembamba, mita mia mbili tu. Mtu mwenye miguu, hata akiwa amebeba mtoto, aliweza kuzimaliza mita mia mbili kabla ya sekunde tisini. Walikuja makundi kwa makundi, wakasimama ukingoni, wakataja majina yao kwa sauti, na Mstari ulipoanza kuwauliza wakatimua mbio. Muuguzi aliyewapokea upande huu, Yunis, alimwandikia Skola kila mwezi bila kujua anamwandikia nani hasa. Alijua tu kwamba ni mhandisi anayependa kusikia wangapi wamefika.

Mistari yote ilizungumza. Nyaya zilipita chini ya ardhi, na kila baada ya dakika sita mstari mmoja uliipelekea mingine kile ulichojifunza. Tena haukujifunza kutokana na kila kitu. Ulijifunza kutokana na kilichouumiza. Wakimbizi hawakuwahi kuuumiza, kwa hiyo kusita kulibaki salama miaka yote ile. Lakini jeshi likipita ndani ya zile sekunde tisini, likavunja mahandaki na kupasua mizinga, Mstari ungetafuta chanzo cha maumivu yake, ungekiona, ungekifuta. Dakika sita baadaye kusita kwa Chumvini nako kungefutwa.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyafikiria Skola katika karakana, mchana wa siku ile, Sajini Desderi Lwena alipoingia.

Lwena alikuwa dereva wa vifaru tangu zamani, siku ambazo vifaru vilikuwa na madereva. Mkewe, Editha, na mabinti zao wawili walikuwa Lusenye. Alivua kofia, akasalimia, shikamoo ikaitikiwa, akabaki amesimama mpaka alipoambiwa akae. Barua ya mkewe ilikuwa imetupwa na kindege kisicho na rubani siku mbili nyuma. Hakumpa Skola aisome, alimweleza tu. Mjini walikuwa wamemaliza mbegu. Walikuwa wakichemsha ngozi za viti na mikanda. Binti mdogo, Anjela, alikuwa ameacha kusimama, na mama yake aliandika kwamba hata kulia ameacha, na kwamba hilo ndilo linalomtisha zaidi.

Kisha Lwena akasema jambo lililomleta. Vijana wa kambini walikuwa wamemuuliza Hizza kilichotokea, na kila mtu sasa alikuwa anajua. Madereva wa zamani walikuwa wamekutana. Walikuwa tayari kuingia ndani ya vifaru wenyewe.

"Mama, kama ni sisi unaotuonea huruma, usituonee," alisema. "Tumeshaamua. Tunataka tu mtu atuambie kama ni kweli."

Skola hakuweza kumwambia kwamba si wao tu anaowaonea huruma. Alimwambia ampe mpaka jioni.

Alipobaki peke yake alimwita Yunis kwa redio. Aliuliza wangapi wamevuka juma hilo, akaambiwa mia moja na sita, na kwamba wengine walikuwa njiani, maana huko nyuma mvua zilikuwa zimekosa kunyesha na askari wa Jimbo walikuwa wanachukua wanaume. Akauliza kama kuna namna ya kuwazuia wasije. Yunis akajibu kwamba watu wale wanatoka vijiji mia na zaidi, wanatembea wiki mbili, hawana redio wala simu, wanaambiana njiani. Kuwafikishia habari, mtu ingebidi avuke kutoka upande huu kwenda ule. Kwa siku kumi pengine ingewezekana.

"Kuna nini, Mhandisi?" aliuliza.

Hapo Skola akamwambia yote, mtu wa kwanza katika miaka ishirini.

*

Alikwenda kwa Brigedia Gwao kabla jua halijatua. Alimweleza kusita ni nini, nani alikiweka, na kitakachotokea Chumvini kikitumiwa. Brigedia alisikiliza akiwa ameweka viganja juu ya meza. Hakumkaripia kwa kuficha. Alipoombwa siku kumi alifungua ramani ya hali ya hewa, akamwonyesha mawingu. Siku ya tano tambarare ingekuwa tope, na kifaru kwenye tope hakimalizi kilomita moja na nusu kwa sekunde tisini. Baada ya mvua, Lusenye isingekuwa na mtu wa kuokoa. Akampa siku nne.

Skola akasema basi yeye mwenyewe atakwenda pamoja na vifaru. Palikuwa na njia moja tu ya kuiokoa Chumvini. Nyuma ya handaki la tatu, upande wa kushoto, kulikuwa na nyumba fupi ya zege yenye mnara, na nyaya zote za kwenda kwenye mistari mingine zilipitia humo. Kama mtu anayeijua angeifikia kabla ya dakika sita, angezikata, na Mstari wa Lusenye ungekufa na siri yake. Lakini ilipaswa kufikiwa ndani ya zile zile sekunde tisini. Zikiisha, njia ya kwenda pale ilikuwa wazi mbele ya mizinga minne.

"Sina mtu mwingine anayeijua nyumba hiyo," Brigedia alisema, kama anayejilaumu.

Huko Chumvini, Yunis hakukaa bure. Kaka yake, Kalisti, mchimba chumvi wa miaka mingi, alisimama ukingoni, akataja jina lake, akavuka kwenda upande ambao watu wote walikuwa wanaukimbia. Alikuwa na siku tatu za kuzunguka vijijini. Alijua kwamba mambo yakienda vibaya hatarudi.

*

Siku ya nne vifaru arobaini vya zamani, vilivyokuwa bado na viti vya madereva, vilipangwa bondeni kwa safu nne, kila kimoja na watu wanne. Ilibidi mifuniko yote iachwe wazi, na kila mtu atoe kichwa nje na kusema neno, maana chuma kile kilikuwa kinene na hawakutaka kubahatisha kama Mstari ungewasikia. Hawakuambiwa waseme nini. Basi walipoondoka, saa moja na dakika mbili, mara tu baada ya Mstari kutuma habari zake, bonde lote lilijaa sauti za watu wazima wakizungumza peke yao. Wengine walisali. Mmoja alikuwa anahesabu. Lwena aliyaita majina ya wanawe, moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayewaamsha. Skola, aliyekaa kiti cha pembeni yake, alijaribu kusema na hakupata neno. Akabaki anapumua kwa nguvu.

Kwenye meno ya zege mizinga iliinuka, ikawaelekea. Kisha ikashuka.

"Ninyi ni nani?" kipaza sauti kikauliza. "Rudini mlikotoka."

Skola akabonyeza saa.

Handaki la kwanza walilivuka kwa daraja la chuma lililotupwa na kifaru cha pembeni. La pili vivyo hivyo. Vifaru vilipasua mizinga iliyoshuka, mmoja mmoja, kwa karibu, na hakuna hata mmoja uliojibu. Skola alisema baadaye kwamba hiyo ndiyo sehemu iliyomuumiza asivyotarajia. Mstari ulikuwa unawangojea waondoke. Ulikuwa unafanya kama alivyoufundisha, na wao walikuwa wanaubomoa huku ukiwauliza majina.

Sekunde ya sabini walikuwa wamelivuka handaki la tatu. Mnara ulikuwa pale kushoto, mita mia mbili na kitu, na mbele yake hakukuwa na kizuizi. Lwena alikuwa ameshaanza kugeuza pua ya kifaru upande huo redio ilipoita.

Katika safu ya nne, kifaru kimoja kilikuwa kimekatika mnyororo juu ya daraja la pili. Vitano vilikuwa nyuma yake, vimebanana, haviendi mbele wala nyuma. Watu ishirini na wanne, vichwa nje. Na mzinga namba tisa, uliotazama moja kwa moja juu ya daraja lile, ulikuwa haujapasuliwa. Ubavu wake wa mbele ulikuwa zege ya mita mbili. Kwa nyuma tu ndiko kulikuwa na mlango mwembamba wa chuma, na kifaru pekee kilichokuwa nyuma yake kilikuwa cha Lwena. Namba tisa ilikuwa kulia.

Lwena alisimamisha gari. Alimgeukia Skola.

Skola aliutazama mnara. Alijua idadi iliyovuka juma lile, na ya juma lililotangulia, na ya miezi yote ambayo Yunis alimwandikia. Hakuijua sura ya mtu hata mmoja miongoni mwao. Kwenye redio mtu alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba jina lake ni Gervas, kwamba ametokea Mwasenga, kwamba anaomba Mstari umsubiri kidogo.

Saa ilionyesha sekunde ya sabini na sita.

"Geuza kulia," alisema.

Waliufikia mlango wa namba tisa sekunde ya themanini na nane, wakaupasua. Mzinga ule haukuinuka tena. Mingine iliyobaki iliinuka. Kifaru chao kilipigwa mnyororo wa kushoto, wakatoka, wakatambaa kwenye mfereji mpaka kwenye nyumba ya zege, Skola mbele kwa sababu aliijua njia. Walifika dakika ya tisa. Humo ndani palikuwa na ubaridi na harufu ya chuma. Taa ndogo ya kijani iliyoashiria kwamba habari zimekwenda ilikuwa imeshawaka. Skola alitoa koleo, akazikata nyaya zote, moja baada ya nyingine, akaendelea kuzikata hata Lwena alipomshika mkono.

*

Jeshi la Jimbo liliweka silaha chini kabla ya saa sita mchana. Vifaru kumi na kimoja vilikuwa vimeungua na watu thelathini na tisa walikuwa wamekufa, lakini wale ishirini na wanne wa darajani walitembea kwa miguu yao mpaka mjini. Malori ya unga yaliingia nyuma yao. Watu wa Lusenye hawakushangilia, hawakuwa na nguvu hiyo. Walikaa kandokando ya barabara na kunyoosha vyombo.

Lwena alimpata mkewe kwenye ua wa zahanati, na binti mkubwa amelala mapajani mwake. Anjela alikuwa amezikwa siku iliyotangulia. Editha alimwambia mumewe hivyo bila kulia, akamsogezea mtoto aliye hai ambebe. Skola aliwaona kutoka ng'ambo ya ua. Hakwenda kuwapa pole siku hiyo. Alikwenda siku ya pili, akakaa nao kutwa nzima, na Editha ndiye aliyemtengea maji ya kuoga.

Alhamisi saa nne asubuhi Yunis aliita kwa redio. Alizungumza polepole, kama mtu anayesoma ripoti, na Skola alimwacha amalize. Watu themanini na watatu walikuwa wamefika ukingoni. Kalisti alikuwa amewatangulia ukingoni, akajaribu kuwazuia. Alisimama mbele yao amepanua mikono, Yunis alimwona kwa darubini. Baadhi walimsikiliza. Wengine walidhani ametumwa na Jimbo. Arobaini na mmoja walimpita, wakasimama kwenye chumvi, wakataja majina yao kama walivyofundishwa njiani.

"Haukuwauliza," Yunis alisema.

Skola aliuliza kama kuna aliyebaki. Yunis akasema hapana. Akasema pia kwamba miili ipo pale pale, kwa kuwa hakuna anayeweza kwenda kuichukua, wala kutoka upande huu wala ule.

Brigedia Gwao alitaka kumpeleka makao makuu, akapewe nishani mbele ya watu. Skola alimwomba gari. Brigedia alimpa, pamoja na dereva na kipaza sauti kikubwa cha jeshi alichokiomba, na alipomshika mkono kumuaga alibaki ameushika muda mrefu.

Alifika Chumvini Jumapili. Yunis, ambaye hakuwa amewahi kumwona, alikuwa mwanamke mfupi mwenye midomo iliyopasuka kwa chumvi. Skola alikuwa amejiandaa kwa lolote ambalo muuguzi yule angemwambia. Yunis alimwangalia tu, akamuuliza kama amekula, akampeleka kwenye kilima cha mawe ambako mizinga haikufika. Kutoka pale uwanda ulikuwa mweupe mpaka ng'ambo, ila sehemu moja katikati. Skola aliitazama sehemu ile mpaka akaijua.

Saa tatu kundi jingine lilitokea ng'ambo. Walikuwa kama sitini, na mizigo vichwani. Kalisti aliwatangulia mikono juu, akiwarudisha nyuma, lakini walikuwa wametembea siku nyingi na waliweza kuziona nyumba za upande huu, na moshi wa jiko la uji. Waliendelea kuja. Skola akawasha kipaza sauti. Akawaambia kwamba Mstari hautawauliza tena, hautawasubiri, wasiingie kwenye chumvi. Alipoona bado wanakuja, akawaambia jina lake, Skolastika Ngwembe, na kwamba yeye ndiye aliyeujenga, na kwamba zile sekunde zilikuwa zake, na kwamba amezitumia kwingine.

Kundi likasimama.

Mwanamke mmoja wa mbele alitua mzigo wake chini. Wengine wakafuata. Hawakurudi walikotoka, maana huko hakukuwa na cha kurudia, wala hawakuja. Walikaa pale ukingoni, mmoja mmoja, juani, nyuso zao zikiwa huku. Kalisti naye akakaa nao. Yunis alimpungia kaka yake mkono, na baada ya muda kaka yake akaitikia.

Skola hakukizima kipaza sauti. Hakuwa na la kuongeza, lakini alihisi kwamba akikizima watadhani ameondoka, basi alikishikilia mdomoni mpaka jua likawa juu ya vichwa vyao wote, na ng'ambo ya pili wakawa wanamsikia anavyopumua.